Kwanza Wasikie

Tangu nilipotaja kwenye matangazo habari ya kuboresha ibada zetu za mtandaoni, wengi mmenisimamisha pale mlangoni mkiuliza: "Pasta, hiyo maneno ya kamera iliishia wapi?" Nimeona afadhali niandike, kwa sababu jibu si la mafundi peke yao. Ni jambo la moyo.

Mnajua nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma. Kamati ilipoomba makadirio, nilikalia kompyuta siku mbili. Nikaandika kamera 3, mtambo wa kubadilisha picha, taa za madhabahuni na skrini kubwa. Jumla: shilingi 640,000. Nilikuwa na michoro pia. Nikaeleza kwamba picha ikiwa safi watu watatufuata, na wakitufuata sadaka itapanda. Mzee mmoja wa kanisa akaniuliza swali moja tu: "Pasta, wale wanaotutazama sasa hivi ni akina nani?"

Sikuwa na jibu. Aibu yangu ni kwamba hata darasani ningeanguka mtihani hapo hapo, maana somo la kwanza la biashara ni kumjua yule unayemhudumia. Mimi nilijua idadi. Watu sikuwajua.

Basi nikaanza kutembea. Nilimpata mama yetu mmoja ambaye magoti yamemkataza kupanda matatu. Alizoea ibada ya simu mwaka 2020, makanisa yalipofungwa Machi, na yalipofunguliwa Julai kwa watu 100 na kwa saa moja tu, waliopita miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Wengine walirudi. Yeye magoti yakakataa. Akaniambia, "Mwanangu Pasta, kuwaona nawaona. Mnaruka, mnainua mikono. Lakini neno silisikii. Halafu bando ya mjukuu inaisha mkiwa bado kwa matangazo."

Wapendwa, hayo maneno yalinihubiria kuliko mahubiri yangu yote ya mwaka huu.

Nilirudi kwa vijana wetu wa mitambo wanifundishe. Kumbe simu tuliyokuwa tunarekodi nayo ilisimama nyuma ya ukumbi, ikichukua sauti kwa maiki yake yenyewe. Inasikia feni, inasikia watoto, inasikia mwangwi wa mabati, na mhubiri anafika akiwa wa mwisho. Kamera ya bei gani ingetibu hilo? Dawa yake ni waya kutoka kwenye miksa hadi kwenye kompyuta, na kifaa kidogo cha kuingizia sauti. Tena sauti ya mtandaoni inataka kupangwa kando na ile ya ukumbini. Hapa ndani ngoma inajaza nyumba bila hata spika, kwa hiyo fundi anaipunguza kwenye miksa. Wa nyumbani akipewa mchanganyiko huo huo, ngoma hataisikia kabisa. Na lazima iwekwe maiki moja ikiwaelekea washirika, ili aliye mbali asikie "Amina" yenu, ajue hayuko peke yake.

Halafu tukapiga hesabu ya bando. Picha nzuri inayotumia megabiti 3 kwa sekunde inakula karibu megabaiti 1,350 kwa saa. Sauti pekee, kwa kilobiti 64, haifiki megabaiti 30 kwa saa. Yaani ile data inayomwonyesha mama uso wangu kwa saa moja ingemsomesha Neno zaidi ya saa 40. Mimi nilikuwa napanga kumtoza mama huyu gharama ya sura yangu.

Sasa, kuna ndugu watasema, "Mungu haangalii vifaa." Ni kweli, lakini tusijifiche hapo. Ezra hakusimama chini akanong'ona. Walimjengea mimbari ya mti, akaonekana juu ya watu wote, na Walawi wakaeleza Neno mpaka likaeleweka. Bwana Yesu mwenyewe aliomba mashua isogezwe kidogo kutoka ufuoni, akafundisha umati kutoka majini. Na wale watu wanne wa Marko 2 walibomoa dari ya wenyewe ili mgonjwa mmoja afike. Hiyo ilikuwa gharama! Kutumia pesa ili mtu afikiwe si dhambi. Sauti mbovu ambayo tungeweza kuirekebisha si unyenyekevu, ni kutomjali asiyekuwepo.

Wengine wananiambia, "Pasta, ukiitengeneza vizuri sana watu watakaa nyumbani na chai." Sitawadanganya, wako watakaofanya hivyo, na Waebrania 10 inatuonya tusiache kukusanyika. Lakini je, tumharibie mgonjwa sauti ili tumwamshe mvivu? Tumpunguzie Neno dada yetu aliye kazini Saudia, ambaye Jumapili si siku yake ya kupumzika? Mvivu dawa yake ni kutembelewa. Tusimwadhibu mgonjwa kwa kosa lake.

Kuna jambo la pili, na hili nalitubu mbele yenu. Miezi michache iliyopita dada mmoja alikuja madhabahuni kuombewa. Alilia. Kijana akasogeza kamera karibu, na nakiri ni mimi niliyemwashiria, kwa sababu nilijua picha ya namna hiyo inasambaa. Ilisambaa kweli. Ilifika kwa watu wa nyumbani kwake na kazini, wakamuuliza kilio kilikuwa cha nini. Hajarudi kanisani.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaipa picha ya mtu uzito wake, na ya mtoto zaidi. Lakini kabla ya sheria ya nchi kulikuwa na Mathayo 6: funga mlango, omba kwa Baba yako aliye sirini. Dada yule alifikiri amekuja sirini pa Mungu. Mimi nikamfungulia mlango, dunia ichungulie. Ushuhuda ni zawadi anayeutoa mwenyewe, kwa kinywa chake, akiwa tayari. Sisi tukiuchukua bila ruhusa, hata kwa jina la Injili, tumeiba.

Kwa hiyo, makadirio ya shilingi 640,000 nimeyaondoa. Tumeanza na sauti, na gharama yake haikufika shilingi 25,000. Kila Jumapili patakuwa na sauti pekee kwa wasio na bando kubwa. Mahubiri yatakuwa na saa yake inayojulikana, ili mtu asimalize bando kwa matangazo. Wakati wa maombezi kamera itageukia msalaba. Safu za upande wa kushoto hazitarekodiwa kabisa, na watoto hawataonyeshwa karibu. Kila anayetufuata kutoka nyumbani atapigiwa simu na mtu mwenye jina, hata mara moja kwa mwezi. Kamera tutainunua siku tutakapoweza kusema inamtumikia nani.

Mama yule nilimpigia Jumapili jioni. Akanirudishia mahubiri pointi kwa pointi, na moja akaipinga. Nilifurahi sana.

Yule dada nimeenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza hakufungua. Mara ya pili alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, nikaomba msamaha bila kujitetea, akasema atafikiria. Video tumeiondoa, ingawa walioihifadhi kwenye simu zao hatuwezi kuwafikia. Mwombeeni, bila kuuliza ni nani. Na mniombee mimi, ili nikisimama pale mbele nitamani watu wasikie, kabla ya kutamani nionekane.

Mbarikiwe.