Je, Kunyamaza ni Kuridhika?



Liko jambo ambalo watu wa miji yetu ya Kwale, tangu Tiwi na Ukunda hadi Msambweni na Vanga, hulidhania kuwa ni kazi ya ofisi tu, nalo ni mpango wa mji. Likitajwa jambo hili, wengi wetu huona mbele ya macho yao karatasi za wahandisi zenye mistari na rangi, zisizomhusu mtu aliyeketi barazani kwake. Ilhali karatasi hizo ndizo zitakazosema barabara ipite wapi, nyumba za ghorofa zisimame wapi, soko likae wapi, makaburi ya zamani yabaki au yasibaki, na njia ya mvuvi ya kuteremkia pwani iwe wazi au izibwe kwa ukuta. Jambo la namna hii si la wahandisi peke yao. Ni amana iliyo shingoni mwa kila mkaaji wa mji.

Suali tutakalo kulitazama ni hili: mpango ukisomwa mbele ya watu, nao wakanyamaza, je, wamekubali? Na yule asiyekuja kabisa, je, haki yake imekwisha? Wazee wetu walisema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Methali hii ni onyo jema kwa mzembe. Lakini haifai kuwa hoja mkononi mwa mwenye kugawa.

Sisi watu wa Pwani twajua yaliyotokea kunyamaza kulipohesabiwa kuwa ni jawabu. Mwaka wa 1908 Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi za Pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa alete dai lake mbele ya afisa, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ni ya Serikali. Watu waliokuwa wakilima na kuzika mahali pamoja kwa vizazi, wala hawakuwa na karatasi kwa kuwa ardhi ya ukoo haikuwa na karatasi, walionekana kana kwamba hawakuwapo. Hata leo, baada ya miaka zaidi ya mia, neno "skwota" lingali likitumiwa katika Pwani yetu, na huenda akaitwa kwalo mtu aliyelala karibu na kaburi la babu yake.

Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wana kanuni inayolifungua suali hili vizuri, nayo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kwamba aliyenyamaza hasingiziwi kauli. Mtu akinyamaza hapo mali yake inapochukuliwa, haisemwi kuwa ameitoa. Ni kweli kwamba bikira anapoulizwa kuhusu ndoa yake, kimya chake hukubaliwa, kwa sababu ya haya. Lakini angalieni: hata huyo kimya chake huhesabiwa baada ya kuulizwa! Basi itakuwaje mji mzima usemwe kuwa umeridhika na jambo ambalo haukuulizwa, au umeulizwa kwa lugha usiyoifahamu?

Sheria ya nchi yetu nayo yaelekea huko huko. Katiba ya 2010, katika ibara ya 10, imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 115, imeufanya kuwa ni lazima katika mipango ya kaunti, na inataka watu wapewe khabari zilizo wazi: matokeo yanayotarajiwa, njia mbalimbali zinazoweza kufuatwa, na gharama ya kila njia. Mwaka wa 2014 Mahkama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alieleza kwamba watu waarifiwe kila mahali wanapokutana, akataja makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za wenyeji. Kwa hivyo kuwaita watu asubuhi, kuwaonyesha ramani ambayo hawajapata kuiona, kuwapa soda, kisha kuichukua karatasi ya mahudhurio kuwa ndiyo ridhaa yao, si kushauriana. Mahudhurio ni mahudhurio, na ridhaa ni ridhaa.

Ama sehemu ya pili ya kanuni, hiyo yatugeukia sisi wenyewe. Mafakihi wanasema kwamba kunyamaza mahali panapohitaji kusema ni sawa na kubainisha. Aliyearifiwa, akafahamu, akaweza kusema, kisha akanyamaza kwa uvivu au kwa kuogopa kumuudhi mkubwa, huyo kimya chake ni kauli, na ataulizwa juu yake. Twaona watu wanaolalamika msikitini baada ya swala kuwa njia ya pwani imezibwa, na ukiwauliza kama walikwenda siku mpango uliposomwa, husema walikuwa na shughuli. Twaona wengine waliokwenda, wakasema sana, lakini kila neno lao lilikuwa juu ya kiwanja chao wenyewe. Na wako madalali, ambao barabara kwao ni bei tu.

Basi aendaye kushauriana na asemee nani? Twasema: asemee khasa wale wasiokuwapo. Amsemee mvuvi wa Mwaepe aliye baharini saa ya mkutano. Awasemee wanawake, ambao ndio wajuao maji yapatikana wapi. Na amsemee mpangaji. Hapa panawaudhi baadhi yetu, lakini haki ni haki. Katika Ukunda wamo maelfu ya watu waliokuja kutoka bara kufanya kazi katika mahoteli ya Diani, wanaokaa chumba kimoja na kulipa kodi kila mwezi. Wengine husema, "Hawa si wenyeji, wasiulizwe." Lakini wao ni majirani zetu; choo kikifurika kinafurika kwao kabla ya kwetu. Vipi sisi tuliodhulumiwa kwa kuambiwa kuwa hatupo, tumwambie mwenzetu kuwa hayupo?

Huenda mtu akasema, "Mambo haya ni ya wataalamu, mgonjwa hamfundishi tabibu." Tunajibu: ni kweli, lakini tabibu mwema humuuliza mgonjwa pamuumapo. Mhandisi ajua mfereji uwe na upana gani, na mzee wa mtaa ajua maji ya masika hupita wapi na makaburi yasiyo na alama yako wapi.

Mwengine atasema, "Mkiuliza kila mtu, wawekezaji watachoka wende kwengine." Na jambo hili lina uzito, kwani vijana wetu wahitaji kazi, na barabara ya Dongo Kundu iliyokamilika 2024 imetuunganisha na bara pasina kivuko cha Likoni, wenye kutaka ardhi watazidi kuja. Lakini tuangalie. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa 1988. Machimbo ya titaniamu ya Nguluku yalianza kutoa mali 2013, na Disemba 2024 yakasita, ilhali jamaa waliohamishwa kwa ajili yake hawakurudi walikotoka. Mwekezaji huhesabu miaka, na mji huhesabu vizazi. Muda wa kuulizana kwa miezi michache si mwingi.

Wala tusidhani kuwa watu wa kawaida hawawezi kushauriana. Pale Gazi na Makongeni, tangu 2013, wanavijiji wanaihifadhi mikoko hekta 117 katika mradi wa Mikoko Pamoja, na fedha zipatikanazo kwa hewa ya kaboni huamua wenyewe zitumikeje, katika maji na skuli.

Kwa hivyo tunawanasihi ndugu zetu. Sheria inataka mpango wa ardhi wa kaunti wa miaka kumi, uangaliwe upya kila baada ya miaka mitano. Nafasi basi hurudi. Ombeni ramani kabla ya siku ya mkutano, na muisome pamoja, kwa Kiswahili na kwa Kidigo. Ulizeni iko njia gani nyengine na gharama yake ni nini. Lisilowaridhi liandikeni kabla ya muda kwisha, na muweke nakala. Na wakubwa wetu tunawaambia kwa heshima: msikifurahie kimya cha watu. Kimya cha 1908 kingali kikisema hadi leo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.