Mama wa Vitambaa na Askari wa Usiku

Masomo: Matendo 16:11–40, Warumi 15:20, Matendo 13:1–3

Tangu tulipotangaza kwamba tunaombea kupanda kanisa upande wa Kawangware, swali moja limenifuata kutoka mlango wa kanisa hadi stegi: "Pastor, kwani kule hakuna makanisa?"

Ni swali la haki, na tusilifunike kwa kupiga amina. Ukishuka Naivasha Road kutoka hapa Uthiru Jumapili saa nne asubuhi, utapita kanisa la mabati, lingine mkabala nalo, na la tatu ghorofani juu ya maduka, kila moja na spika yake. Mimi nilisomea biashara, na katika biashara hilo tungeliita soko lililojaa. Mtu hafungui kibanda cha mboga katikati ya vibanda kumi. Kwa hivyo kama tunaenda, ni lazima tujue tunamwendea nani. Hapo ndipo kanisa la Filipi linatufundisha.

Kwanza: hesabu watu, si majengo

Paulo alipofika Filipi, siku ya Sabato alitoka nje ya lango la mji, akaenda kando ya mto, akaketi na akina mama waliokusanyika pale. Angalia hapo: aliketi. Hakufunga jukwaa wala spika. Mmoja wao alikuwa Lidia, mama wa biashara ya vitambaa vya zambarau, na Bwana akaufungua moyo wake. Nyumba yake ikawa mahali ndugu walipokutania.

Songa mbele katika sura hiyohiyo. Kuna msichana mtumwa anayefunguliwa pepo wa uaguzi, na mabwana zake wanakasirika kwa sababu pesa zimekatika. Halafu kuna askari wa gereza. Huyu aliokoka saa ngapi? Usiku wa manane, akiwa kazini! Aliwaosha Paulo na Sila vidonda vyao, akabatizwa usiku uleule yeye na nyumba yake. Hakuna aliyemwambia, "Ngoja Sabato uje ibada."

Sasa tuangalie majirani zetu. Watu wengi wa Kawangware ndio wanaolinda mageti ya Lavington na Kileleshwa, wanaofua nguo huko, wanaobeba mawe kwa mjengo, wanaoendesha boda. Soja wa usiku anatoka kazini saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne, wakati kwaya inaanza, amelala. Soja wa mchana saa hiyo ameshika geti. Mama mboga naye Jumapili ni siku ya mauzo, na watoto wanamngoja wale. Basi makanisa kumi yakifungua mlango saa ileile, kwa mtu aliye kazini saa hiyo ni kama hakuna hata moja. Anaweza kuishi mwaka mzima akisikia sifa kupitia ukuta wa mabati, na asiwe na mchungaji wa kumwita mtoto akiugua.

Huyo ndiye tunayemwendea. Ndiyo maana tunafikiria ibada fupi ya Jumapili saa moja asubuhi kwa wanaotoka zamu, na nyingine Alhamisi jioni kwa ambao Jumapili si yao. Tena bila spika ya nje. Kanuni za kelele za NEMA za mwaka wa 2009 zinatudai utulivu, lakini hata zisingekuwapo, jirani anayelala mchana kwa sababu alikesha kazini anastahili usingizi wake.

Pili: tusijenge juu ya msingi wa mwingine

Katika Warumi 15:20 Paulo anasema nia yake ilikuwa kuhubiri mahali ambapo Kristo hajatajwa, asije akajenga juu ya kazi ya mtu mwingine. Kama tutaenda Kawangware na kikosi cha sifa kizuri na viti vipya, tukawavuta washirika wa mchungaji wa mabati aliyewalea miaka kumi, hatujapanda kitu. Tumehamisha kondoo, na Mbinguni hesabu imebaki ileile. Kwa hivyo kabla ya kukodi chumba, tutawatembelea wachungaji walio pale, tuwasikilize, tuwaambie tunamtafuta nani. Mtu akija kwetu akiwa na mchungaji wake, tutamrudisha kwa upendo.

Tena tujue kwamba mlango utafunguliwa polepole. Mwaka wa 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Tangu hapo Mkenya akisikia "kanisa jipya" anauliza kwanza, "La nani?" Ana haki ya kuuliza. Jibu letu liwe wazi: kuna wazee wanaomsimamia mhubiri, hesabu zinasomwa mbele ya washirika, na hakuna mtu atakayeambiwa aache dawa za hospitali au amfungishe mtoto kwa nguvu.

Kuna jeraha lingine pia. Oktoba 2017, wakati wa uchaguzi wa marudio, majirani wa Kawangware walipigana kwa misingi ya kabila, mali ikachomwa. Baadhi yao bado wanapanga chumba kando ya chumba. Hatuwezi kuwapelekea kanisa la lugha ya nyumbani ya mtu mmoja. Ibada itakuwa kwa Kiswahili, na uongozi utoke pande zote. Kumbuka Filipi: mama wa Thiatira, Wayahudi wawili waliopigwa fimbo, na askari wa serikali ya Rumi, wote katika ushirika mmoja.

Tatu: Antiokia ilitoa walio bora

Hapa ndipo panauma, na siwezi kuwaficha. Matendo 13 inasema Roho Mtakatifu alimtaka Barnaba na Sauli, yaani walimu wenyewe waliokuwa wanalilisha kanisa la Antiokia. Hakuomba waliokuwa hawana kazi. Kanisa likafunga, likaomba, likawawekea mikono, likawaachilia.

Hapa Nairobi tumeliona hilo. Nairobi Chapel mwaka wa 1989 lilikuwa limebaki kikundi kidogo, likaongezewa nguvu na watu waliotoka Nairobi Baptist pamoja na Oscar Muriu. Lilipokua, mwaka wa 2005 lilijigawa lenyewe, na makanisa kama Mavuno na Mamlaka Hill Chapel yakatoka hapo. Kanisa lililopewa watu nalo likajua kutoa watu. Na msidhani mtaa wa mabati hauwezi kuzaa: Askofu Arthur Kitonga alianza kazi ya Redeemed Gospel Church huko Mathare katika miaka ya 1970, na leo makanisa yake yako kote nchini.

Sasa tupige hesabu pamoja. Tuseme watu 40, kila mmoja akitoa shilingi 50. Hiyo ni 2,000 kwa Jumapili, 8,000 kwa mwezi. Toa kodi ya chumba, toa stima, toa nauli, toa chai ya watoto. Mhubiri amebaki na nini? Na kodi ikimbana, atafanya nini? Ataanza kuwaambia watu wa shilingi 50 wapande mbegu ya 5,000. Atauza maji na mafuta ya upako. Makanisa mengi yaliyoanza vizuri yaliharibikia hapo: mhubiri alikuwa na deni, na waliokuwa karibu naye walikuwa maskini. Mwisho wa mambo anafanana na wale mabwana wa yule msichana wa Filipi, wanaokula kupitia shida ya mtu.

Kwa hivyo mzigo huo lazima uwe wetu. Pendekezo lililo mbele ya wazee ni kwamba kanisa letu lilipe kodi na posho ya mhubiri kwa miaka mitatu, bila kungoja senti irudi Uthiru. Tena litoe watu 15 kwa miaka miwili: walimu wa Sunday school, mpiga kinanda, mama anayejua kuendesha chama, kijana anayejua kusikiliza. Tutawakosa. Jumapili zingine kwaya yetu itasikika nyembamba, na ujenzi wa choo kipya utachelewa. Nasema hivyo mapema ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Je, tutapata faida? Paulo aliwaandikia Wafilipi baadaye akikumbuka kwamba walipokuwa bado wachanga, wao peke yao ndio waliomtumia msaada (Wafilipi 4:15–16). Lakini Paulo hakujua hilo alipoketi kando ya mto. Alienda kwa sababu aliitwa. Tukienda tukihesabu fungu la kumi litakalorudi, afadhali tubaki.

Jumapili ijayo karatasi zitakuwa mlangoni. Usiandike jina kwa sababu umeguswa na mahubiri. Omba wiki hii, zungumza na mume au mke wako, angalia zamu zako za kazi, ndipo uandike. Na kama jibu lako ni "siendi, lakini nitachangia kodi," liandike hilo pia, na kiasi chake.

Tuombe: Bwana, uliyemfungulia Lidia moyo kando ya mto na kumwokoa askari usiku wa manane, utuonyeshe watu wako walio karibu nasi. Utunze mioyo yetu tusiibe kondoo wala kula kupitia maskini. Utupe nguvu ya kuachilia tunaowapenda. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Katika ploti yenu ni nani huwa kazini kila Jumapili? Anaitwa nani, na anapumzika lini?
2. Ni mtu gani katika kanisa letu ungeumia zaidi kumwachilia? Mwombeeni kwa jina.
3. Someni Matendo 16:33–34. Askari aliwafanyia Paulo na Sila nini kabla na baada ya kubatizwa? Ninyi mngeweza kuanza na tendo gani Kawangware kabla ya ibada ya kwanza?