Kura ya Aliyeshindwa Yakwenda Wapi?

Baada ya uchaguzi mmoja wa Bunge, mzee wa hapa kwetu Masumbwe alitujia shuleni, akaketi chini ya mwembe, akatuuliza: "Mwalimu, niliamka alfajiri, nikasimama mstarini hata jua likawa kali, na mtu wangu ameshindwa. Je, kura yangu imekwenda wapi?" Tulicheka kidogo, kisha tukaona haya kwa kucheka, maana swali lake ni swali la haki, na siku ile jibu hatukuwa nalo.

Tazameni jinsi jimbo lipatavyo mbunge wake. Tuseme watu 10,000 wamepiga kura, na wagombea ni watatu: wa kwanza amepata 4,000, wa pili 3,500, wa tatu 2,500. Wa kwanza ndiye mbunge, walakini watu 6,000 walimtaka mwingine. Ndiyo sheria, wala hatusemi kwamba ni dhuluma; mashindano ya mbio nayo yana mshindi mmoja. Lakini je, uchaguzi ni mbio? Sisi tulimao pamba twajua namna nyingine ya kuhesabu. Penye mizani, aliyeleta kilo 800 hulipwa za 800, na mjane aliyeleta 40 hulipwa za 40. Hakuna aambiwaye, "Mwenzako amekushinda, pamba yako ni bure."

Ziko nchi zihesabuzo kura kwa mizani hiyo. Huko Afrika Kusini, tangu mwaka 1994, vyama hupewa viti kwa kadiri ya kura zao. Mwaka 2024 chama cha ANC kilipata kura kama 40 katika kila 100, kikapewa viti 159 katika viti 400. Na hapa kwetu Tanzania mizani hiyo imo pia, ingawa wengi hawaijui. Katiba yataka wawepo wabunge wanawake wa viti maalum wasiopungua 30 kwa kila wabunge 100 wengine, na viti hivyo hugawiwa vyama kwa kadiri ya kura za ubunge zilizopigwa nchi nzima. Ila chama kisichofikisha kura 5 katika kila 100 hakipati kitu, na hapo kura za wadogo hupotea kweli kweli.

Basi tulimwendea mzee yule nyumbani kwake, tukamwambia kwa furaha kwamba kura yake haikufa. Chama chake kimevuka kiwango, nayo imejumlishwa na nyingine, ikasaidia kumpeleka mwanamke mmoja Dodoma. Akafikiri kidogo, akauliza: "Jina lake nani?"

Hapo ndipo penye fundo. Mwaka 2020 viti maalum vilikuwa 113. CCM ikapata 94 na CHADEMA 19. Wanawake 19 wakaapishwa, lakini CHADEMA ikasema haikupeleka majina yao, ikawafukuza uanachama mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Wao wakapinga, shauri likafika Mahakama Kuu, nao wakaendelea kuketi Bungeni hata Bunge lile likavunjwa mwaka 2025. Si kazi yetu kuhukumu nani alikuwa na haki kati yao. Twauliza jambo jingine: katika ugomvi ule wote, nani alimwuliza aliyepiga kura? Chama kilisema viti ni vyake, wabunge wakasema ni vyao, na mkulima ambaye kwa jasho lake viti vile vilipatikana hakuitwa kutoa ushahidi.

Mbunge wa jimbo, hata kama hatukumpenda, twajua mlango wake, twaweza kumwendea kwa habari ya kisima au ya zahanati. Wa viti maalum ametumwa na kura za maelfu wasiomjua. Hata hivyo hatukubali wasemao kwamba afadhali mizani ivunjwe. Kosa si la mizani. Kosa ni kumpima mtu pamba yake bila kumwonyesha inakokwenda.

Kwa hiyo twaona majina ya wanawake hao, kwa utaratibu wao, yabandikwe penye kila kituo kabla ya siku ya kura, pamoja na majina ya wagombea wa jimbo. Mzee wetu alipolisikia shauri hili alisema ni jema, ila maandishi yawe makubwa, maana macho yake yamechoka.