Danieli Hakuwa Peke Yake

Somo: Danieli 1:8–16

Tukihubiri habari za Danieli, huwa tunakomea mstari wa 8: aliazimu moyoni kutojitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Amina. Lakini sogea mpaka mstari wa 12. Danieli anaomba wajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji. Wajaribiwe, si ajaribiwe! Alikuwa na Hanania, Mishaeli na Azaria. Azimio lilikuwa la moyo mmoja, lakini sahani za mboga zilikuwa nne.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo mfano wangu ni wa pesa. Kuna mtu hawezi kuweka shilingi 200 nyumbani zikalala. Lakini huyo huyo hupeleka 500 kwa chama kila wiki bila kukosa. Nidhamu hiyo imetoka wapi? Anajua wenzake wanangoja, na wiki hii ni zamu ya jirani yake. Moyo ni ule ule. Waliomzunguka ndio tofauti.

Sasa tazama upande wa pili. Kijana ameokoka, amelia hapa madhabahuni, ameahidi kuacha kubeti. Jumatatu anarudi steji. Simu ziko mkononi, mechi zinachambuliwa, asiyeweka kitu anachekwa. Kufika jioni, pesa ya rent imeenda. Tusikimbilie kusema hakuokoka. Anapigana peke yake katikati ya watu sita. Mithali 13:20 inatuonya kwamba tunafanana na wale tunaotembea nao.

Lakini kanisa, tujiulize: tulipomwambia aache steji, tulimwonyesha aketi wapi? Ibada ikiisha tunasalimiana mlangoni, kila mtu kwake. Huwezi kumwambia mtu aache marafiki sita halafu umpe kiti cha plastiki! Waebrania 10:24–25 haisemi tukutane tu; inasema tuangaliane na kutiana moyo.

Kwa hivyo wiki hii fanya hivi. Tafuta ndugu wawili au watatu unaowaamini. Kila mmoja ataje wazi jambo moja linalomshinda: kubeti, pombe, mikopo ya simu, hasira. Kwa siku 10, pigianeni simu kila jioni na kuulizana, “Leo ilikuwaje?” Atakayeanguka asifukuzwe; aombewe, aanze tena kesho. Na wewe unayejiona una nguvu, usibaki nje. Kuna mtu anahitaji sahani ya pili mezani.

Mungu awabariki.