Je, Asiyerudisha Pigo ni Mwoga?

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu apigwaye asirudishe ana sababu moja tu, nayo ni woga. Watoto shuleni husema hivyo: mwenzao akinyamaza baada ya kuchapwa kofi, humcheka. Nasi waalimu humsifu mtoto huyo, tusiulize kama ule ni upole kweli au ni hofu iliyovaa nguo ya upole.

Gandhi wa Bara Hindi alilipambanua neno hili. Mwaka 1920 aliandika ya kuwa, kama hapana ila njia mbili, woga au kupigana, yeye angemshauri mtu apigane. Basi njia yake ilikuwa ya tatu. Aliianza Afrika ya Kusini mwaka 1906, Wahindi wa Transvaal walipotakiwa kuandikishwa kwa alama za vidole, nao wakaapa kutotii hata wakifungwa. Wazo lake ni hili: mtawala hasimami kwa bunduki peke yake. Amtegemea karani aandikaye, mkulima alipaye kodi, askari aitikiaye amri. Hao wakikataa pamoja, bunduki yabaki, bali utawala hauna miguu.

Tutazame habari ya chumvi, maana kila msomaji ajua chumvi ni nini katika nyumba ya maskini. Serikali ya Kiingereza iliwakataza watu kujifanyizia chumvi, ikaitoza kodi. Tarehe 12 Machi 1930 Gandhi, mzee wa miaka 60, aliondoka na wafuasi 78, wakaenda kwa miguu kama maili 240 hata Dandi, pwani. Tarehe 6 Aprili akainama akaokota chumvi iliyochanganyika na matope. Ni tendo dogo, kama mchezo wa mtoto. Lakini watu zaidi ya 60,000 walifungwa kwa ajili ya mambo yaliyofuata. Tarehe 21 Mei, Gandhi akiwa amekwisha kamatwa, wenzake waliyaendea mashamba ya chumvi ya Dharasana. Askari waliwapiga vichwani kwa fimbo zenye chuma nchani, wala hawakuinua mkono hata kujikinga. Safu moja ikianguka, nyingine ikaja. Mtu wa safu ya pili amemwona mwenziwe amelala katika damu, na njia ya kurudi nyuma i wazi. Naye aenda mbele. Huyo tutamwitaje mwoga?

Lakini liko jambo gumu kuliko kupigwa, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Mwezi wa Februari 1922, huko Chauri Chaura, polisi waliwapiga risasi wakulima walioandamana, wakawaua baadhi yao. Umati ukageuka kwa hasira, ukakichoma moto kituo cha polisi, na askari zaidi ya 20 wakafa. Wakati huo watu walikuwa wakikataa kutii katika nchi nzima, na wengi waliona ushindi u karibu. Gandhi akafunga kula siku tano, akaisimamisha kazi yote.

Wafuasi wake walifadhaika. Jawaharlal Nehru, aliyekuwa gerezani, alikasirika sana: je, kosa la kijiji kimoja liwavunje mamilioni? Swali hilo si la kupuuzwa. Sisi twaona Gandhi alitenda haki, kwa kuwa wale askari waliochomwa walikuwa Wahindi nao, wenye wake na watoto, na mtu asemaye ya kuwa hataki damu hawezi kuipokea ikiwa inamfaa. Walakini hatusemi hayo kwa moyo mwepesi. Wakulima wale waliitwa wasimame, wakapigwa risasi, wakakosa, kisha wakafikishwa mbele ya hakimu. Mwaka 1923 watu 19 wa Chauri Chaura walinyongwa.

Mahali pale pana kumbukumbu mbili za mawe: moja ya askari waliochomwa, na moja ya wale walionyongwa.