Darsa ya Ramadhani 11: Paka uliyemfungia mlango

 

Juzi baada ya swala ya Alasiri mama mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Wanawe wameokota mtoto wa paka, wamemwingiza ndani, na nyumba ile haijawahi kufuga paka. Swali lake: paka kalamba maji ya udhu kwenye ndoo, je, ayamwage? Wengine mmeuliza hilohilo humu, basi nijibu kwa wote.

Usiyamwage, mama. Imepokewa katika Abu Daud na Tirmidhi kwamba Abu Qatada aliwekewa maji ya udhu na mke wa mwanawe, Kabsha. Paka akaja anataka kunywa, Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akashiba. Kabsha akawa anamkodolea macho kwa mshangao. Yule mzee akamweleza kuwa Mtume ﷺ amesema paka si najisi, ni katika viumbe vinavyotuzunguka majumbani. Basi maadamu hukuona najisi mdomoni mwake, tawadha uende zako.

Hilo limekwisha. Ila kuna swali ambalo mama hakuuliza, na mimi ndilo ninaloliona zito.

Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abdullah bin Umar. Lakini tukiisimulia tunaongeza chumvi, tunasema alimpiga, alimtesa. Rudini mkaisome vizuri. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Basi. Yule paka angeachwa nje angejihangaikia kama wanavyojihangaikia paka wa sokoni. Ule mlango ndio uliomfanya amtegemee mwanamke yule, naye akasahau au akapuuza.

Na ndiyo maana mafaqihi wa madhehebu yetu ya Shafii wameandika lishe ya mnyama katika mlango wa nafaqa, huohuo wa matumizi ya mke na watoto. Ukishamfungia ndani, matumizi yake ni juu yako.

Nasema hili nikiwa na aibu yangu. Ramadhani iliyopita na mimi nilikuwa mgeni wa kufuga. Paka wetu tulikuwa tunamfungia stoo mchana asidokoe samaki wa futari. Siku moja tukaalikwa kufuturu ukweni. Ilipoadhiniwa Magharibi nikala tende, nikanywa maji bilauri mbili bila kupumzika, nikasema alhamdulillah kwa sauti. Tukaswali, tukala, tarawehe tukaswali hukohuko, halafu mazungumzo. Tumerudi saa tano usiku. Stoo kimya, nikasema kalala. Kufungua mlango, amekaa palepale nyuma yake, anafumbua mdomo kulia na sauti haitoki. Bakuli la maji limepinduka, sijui tangu saa ngapi. Na stoo yenyewe ni ya bati.

Mimi siku ile nilifunga kama saa 13 na nusu, na muda wote nilikuwa natazama saa. Yeye hakutia nia, na hakuna aliyemwambia kuwa kuna Magharibi. Alikunywa mpaka nikaogopa. Wallahi sikulala vizuri.

Sasa tuje kwenye vitendo, maana mama anataka kujua afanye nini kesho.

Ramadhani majiko yetu yanageuka, mchana wote hakuna kinachopikwa. Mtoto wa paka hawezi kungoja daku mpaka futari; anataka kula mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Maji yawepo saa zote, na bakuli liwe zito lisipinduke (hili nimelilipia). Maziwa ya ng'ombe tunayapenda kuwapa, lakini paka wengi yanawaharisha. Ugali na mchuzi utamjaza tumbo tu, paka ni mla nyama. Mchemshie samaki au kuku bila chumvi, toa miiba na mifupa, kwa sababu mfupa wa kuku uliopikwa hukatika vipande vyenye ncha. Na mabaki ya futari yenye kitunguu na kitunguu saumu msimpe, ni sumu kwake. Akiumwa usimpe parasetamoli hata nusu kidonge, inaua paka. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na hukohuko uulize dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hupewa akifika miezi 3 hivi.

Watoto wakiumwa meno au kuparuriwa na paka asiyechanjwa, oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usingoje Iddi. Choo chake ni karai la mchanga, linasafishwa kila siku, na kama nyumbani kuna mjamzito, kazi hiyo afanye mtu mwingine. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vyenye madhara kwa mimba.

Mtasema, Ustadh, mzigo huu! Ndiyo. Asiyeuweza asimchukue, na hana dhambi. Afadhali angeachwa na mama yake mpaka afike miezi miwili. Ila kuna tabia yetu moja mbaya: paka analelewa ndani mwaka mzima, watoto wakimchoka anatiwa kwenye kiroba, anakwenda kumwagwa soko la samaki usiku. Tunajiambia tumemwachia ajitafutie. Hajui kujitafutia, tulimfundisha kungoja bakuli. Kama umeshindwa, mtafutie nyumba nyingine, uliza hata hapa kwenye chaneli.

Mama yule ana mtoto wa mwisho wa miaka 7, ananuna kila siku kwa sababu kaka zake wanafunga na yeye anaambiwa bado. Nimemwambia ampe yeye kazi ya saa saba mchana, wakati wakubwa wamelala: aoshe bakuli, aweke maji mapya, amlishe paka. Jana jioni kanitumia ujumbe kwamba mtoto hamruhusu mtu mwingine kuligusa lile bakuli.

Kesho inshaAllah tunarudi kwenye maswali ya zaka, yamejaa. Yaliyobaki tumeni kabla ya Adhuhuri.