Juu ya Neno "Utazame Mpira"

Watu wa Marekani wana mchezo uitwao besiboli, nao huwafundisha watoto wao tangu wakiwa wadogo sana. Mtu mmoja husimama kati ya uwanja na kuurusha mpira mgumu, wenye uzito wa wakia 5 na kidogo. Mwenzake humkabili akishika gongo la mti, naye hujaribu kuupiga. Sitaki kueleza mchezo wote, maana sheria zake ni nyingi mno. Nataka tulifikiri neno moja tu, ambalo wazazi na waalimu wa mchezo ule humwambia mtoto kila akosapo: "Utazame mpira!"

Neno hili laonekana jema, wala halina hila. Lakini mwaka 1984 wataalamu wawili wa nchi ile, A. Terry Bahill na Tom LaRitz, walitoa habari za kazi yao ya kuyapima macho ya wapigaji. Waliona kwamba hapana mtu awezaye kuufuata mpira wa kasi kwa macho tangu mkononi mwa mrushaji hata ukutane na gongo. Mpigaji mmoja hodari, ambaye mchezo ndio kazi yake, aliwashinda wengine wote, lakini hata macho yake yaliachwa nyuma mpira ulipobakiza futi 5 na nusu hivi. Wala si ajabu. Katika mchezo wa watu wazima mrushaji husimama umbali wa futi 60 na inchi 6, na mpira uendao maili 90 kwa saa humaliza mwendo ule kwa muda usiofika nusu ya sekunde. Ukisha kuwa karibu, hupita upesi kuliko jicho liwezavyo kugeuka.

Basi, je, ni haki kumwamuru mtoto jambo ambalo hata bingwa haliwezi? Wako watakaosema kwamba huo ni uongo, na uongo usifundishwe. Mimi sikubali. Mtoto ajitahidiye kuutazama mpira hata mwisho hutuliza kichwa, wala hageuzi uso kabla ya wakati. Na hayo humfaa, ijapokuwa mwisho wenyewe hauoni. Tukimwambia mtu apande mahindi kwa mstari ulionyoka, hatumdanganyi, ingawa kila mstari hupinda kidogo.

Ila neno lilo hilo hugeuka. Mtoto amekosa mara tatu, sheria yamtaka atoke, na baba yake anapaza sauti kando ya uwanja: "Hukutazama!" Sasa si uongozi tena, ni mashitaka. Na baba huyu ameona nini? Ameona gongo likipita hewani, basi. Macho ya mwanawe hakuyaona. Anashuhudia jambo lililotendeka ndani ya mtu mwingine, tena mbele ya watu, na mtoto hana la kujibu.

Mara nyingi mtoto yule amefumba macho kwa hofu, na hofu yake ina sababu. Mwaka 1920 Ray Chapman wa timu ya Cleveland alipigwa kichwani na mpira, akafa kesho yake. Siku hizi wapigaji huvaa kofia ngumu, lakini kope za mtoto hazingoji hoja, hufumba zenyewe. Kumkemea kwa ajili hiyo ni sawa na kumkemea kwa kupiga chafya.

Mwalimu mwenye akili huiondoa hofu kwanza. Wadogo kabisa huwekewa mpira juu ya kiguzo, umetulia. Kisha hutupiwa mpira laini, polepole, kutoka karibu. Wengine huipaka mipira rangi mbalimbali, na mtoto hutakiwa kutaja rangi kabla ya kupiga. Akiwa anaitafuta rangi, husahau kuogopa.

Mtu atasema, huku ni kudekeza. Lakini chama cha Little League, kilichoanza mwaka 1939 katika mji wa Williamsport, kimewapunguzia watoto uwanja: mahali ambapo watu wazima hukimbia futi 90, watoto hukimbia 60. Wazee walikubali bila ubishi kwamba miguu ya mtoto ni mifupi. Mbona moyo wake wanaudai kama wa mtu mzima? Na hao watu wazima wenyewe! Ted Williams wa Boston, anayehesabiwa miongoni mwa wapigaji bora, alifaulu mara 4 hivi katika kila 10 mwaka 1941, nao ulikuwa mwaka wake wa sifa kuu.

Kwa hiyo mimi ningependa mzazi, mtoto akosapo, aulize badala ya kushuhudia: "Uliuona mpaka wapi?" Labda mtoto atajibu, "Niliuona, kisha ulipokaribia ukanipotea." Hapo amesema kweli tupu, wala hakusema neno ambalo yule hodari aliyepimwa macho asingaliweza kulisema.